Picha Ilisema Ubongo Wangu Hauna Kasoro

Asubuhi moja, miaka kadhaa iliyopita, niliketi ukingoni mwa kitanda nikiwa nimevaa kiatu cha mguu wa kushoto, na cha kulia nimekishika mkononi. Nilikwisha kuoga na kuvaa, na nguo zenyewe nilizipiga pasi tangu jana yake, kwa hiyo kilichobaki ni kuingiza mguu kiatuni na kufunga kamba. Nilipokuja kutazama saa, dakika 40 zilikuwa zimepita. Sikuwa nalia, sikuwa na usingizi, wala sikuwa nimeamua kutokwenda kazini. Nilikuwa narudia kichwani mazungumzo niliyoyafanya wiki mbili nyuma, neno kwa neno, nikitafuta mahali nilipokosea, na kila nilipofika mwisho wake nilianza upya kana kwamba sijawahi kuyapitia.

Kwa kuwa siku zile nililalamikia pia maumivu ya kichwa, daktari aliagiza nipigwe picha ya ubongo kwa mashine ya MRI, ile inayotumia sumaku yenye nguvu, akitaka kujiridhisha kwamba hakuna uvimbe. Majibu yalirudi yakisema kwamba kila kitu ni cha kawaida. Dada yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyenisindikiza, aliisoma karatasi ile mara mbili, kisha akaniuliza kwa upole ambao nadhani ulimgharimu: “Sasa mdogo wangu, kama ubongo ni mzima, unaumwa nini?” Sikuwa na jibu. Mwezi mmoja baadaye daktari mwingine aliniambia kwamba nina sonona, ugonjwa wa akili wa huzuni nzito ya muda mrefu (kwa Kiingereza depression), na neno hilo lilinipa jina la ugonjwa bila kujibu swali la dada. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyoyasoma tangu wakati huo, na ninayaandika kama mtu aliyeugua, kwa kuwa udaktari si fani yangu.

Jambo la kwanza nililopaswa kulielewa ni kwamba picha niliyopigwa ilikuwa picha ya umbo. Inaonyesha kama kuna uvimbe, damu iliyovuja au sehemu iliyosinyaa, lakini haionyeshi sehemu hizo zinafanya nini, wala zinafanya pamoja na nani. Kwa kazi hiyo mashine ileile hutumiwa kwa namna nyingine, kwa njia iliyotokana na ugunduzi ambao Seiji Ogawa na wenzake waliuchapisha mwaka 1990: damu yenye oksijeni na damu iliyokwisha kuitoa oksijeni yake huitikia sumaku kwa namna tofauti, kwa hiyo inawezekana kufuatilia, bila kumchoma mtu sindano, ni sehemu ipi ya ubongo imeletewa damu mpya kwa sababu seli zake za neva zimekuwa na kazi nyingi.

Kwa miaka michache watafiti waliitumia njia hiyo kwa mtindo mmoja tu: mtu anapewa jambo la kufanya, kama kugonganisha vidole au kusoma maneno, kisha huangaliwa ni wapi pamewaka. Mwaka 1995 Bharat Biswal na wenzake walifanya jambo ambalo bado linanifurahisha kila ninapolikumbuka. Waliwaacha watu walale ndani ya mashine bila kufanya chochote, kisha wakatazama ile mitikisiko midogo ya ishara ambayo wengi waliiona kuwa uchafu wa vipimo. Wakakuta kwamba eneo linaloongoza mkono wa kulia na lile linaloongoza mkono wa kushoto, ambayo yako katika nusu tofauti za ubongo, yalikuwa yakipanda na kushuka pamoja, polepole sana, kila wimbi likichukua sekunde 10 au zaidi, ingawa mikono yenyewe ilikuwa imetulia kabisa.

Hapo ndipo linapotoka wazo la mitandao ya utendaji, na ni muhimu lisichanganywe na waya. Nyuzi za neva zipo, na zinaunganisha sehemu moja na nyingine, lakini mtandao wa utendaji ni kitu kingine: ni kule kupanda na kushuka pamoja. Fikiria watu wawili unaowaona kwa mbali, kila mmoja katika dirisha lake. Mmoja akiinuka, mwingine naye huinuka, na akiketi, mwenzake naye huketi. Ukiwatazama kwa muda wa kutosha utasema wana habari moja, hata kama hujaona simu wala kamba kati yao. Mtafiti wa ubongo hufanya hivyohivyo kwa mamia ya maeneo kwa pamoja, na yale yanayokwenda pamoja huyaita mtandao.

Mitandao iliyotambuliwa ni kadhaa, ila inayotajwa zaidi katika sonona ni mitatu. Wa kwanza nitauita mtandao wa mapumziko, ingawa jina hilo linadanganya. Marcus Raichle na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, waliueleza mwaka 2001 baada ya kugundua kwamba kuna maeneo ya katikati ya ubongo, mbele na nyuma, ambayo hufanya kazi zaidi mtu anapoachwa bila kazi, na hupunguza kazi anapopewa jambo la kushughulikia. Wala si kwamba ubongo huo unapumzika. Ubongo ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini hutumia takriban asilimia 20 ya nishati yake, na matumizi hayo hubadilika kidogo sana kati ya mtu anayepiga hesabu na mtu anayetazama dari. Mtandao huu ndio unaofanya kazi tunapojifikiria wenyewe, tunapokumbuka yaliyopita, tunapotunga yatakayokuja, na tunapokisia wengine wanatuonaje. Wa pili ni mtandao wa udhibiti, unaokaa zaidi pembeni mwa sehemu ya mbele na juu kuelekea nyuma, ambao hushika lengo na kuliweka mbele ya akili mpaka litimie. Wa tatu ni mtandao wa uteuzi, wenye vituo vyake katika insula, sehemu ya ubongo iliyojikunja ndani kwa pembeni, na katika sehemu ya mbele ya ukanda uitwao singuleti, ambao hupima ni jambo gani kati ya yote yanayotokea, nje ya mwili na ndani yake, linastahili kushughulikiwa sasa hivi.

Vinod Menon alipendekeza mwaka 2011 kwamba magonjwa mengi ya akili yanaweza kusomwa kama hitilafu katika mahusiano ya mitandao hii mitatu. Katika ubongo uliotulia kuna kupokezana: mtandao wa uteuzi unapogundua kwamba kuna jambo, wa mapumziko hushuka na wa udhibiti hupanda, na jambo likiisha mambo hurudi yalivyokuwa. Niliposoma maelezo hayo nilikikumbuka kile kiatu. Sikukosa nguvu za mguu, wala sikusahau namna ya kufunga kamba. Kilichoshindikana ni kule kupokezana: mazungumzo ya wiki mbili nyuma hayakutaka kuondoka jukwaani ili kiatu kipate zamu yake.

Wataalamu wa saikolojia walikuwa na jina la tabia hii muda mrefu kabla ya mashine hizi, na kwa bahati Kiswahili kina neno linaloifaa kuliko lugha nyingi, yaani kucheua. Mnyama anayecheua hurudisha kinywani kile alichokwisha kukimeza, akakitafuna tena. Mgonjwa wa sonona hufanya hivyo kwa mawazo, ila tofauti na mnyama, kutafuna kwake hakusagi kitu. Yvette Sheline na wenzake walionyesha mwaka 2009 jambo linaloendana na hali hii. Waliwaonyesha watu picha zenye kuhuzunisha, na wakaona kwamba kwa wasio wagonjwa maeneo ya mtandao wa mapumziko yalipunguza kazi yake kama inavyotarajiwa, lakini kwa wagonjwa wa sonona hayakushuka kwa kiwango hicho, hata pale walipoombwa wajaribu kuzitazama picha zile kwa jicho lenye matumaini zaidi.

Kuna kipande kidogo cha ubongo ambacho nimekisoma kuliko vingine vyote. Katikati ya ubongo kuna daraja nene la nyuzi linalounganisha nusu ya kulia na ya kushoto, na kwa mbele daraja hilo hupinda kama goti. Wanaanatomia waliliita goti kweli, na sehemu ya singuleti iliyo chini yake wakaiita ya chini ya goti. Kwa namba inajulikana kama eneo la 25. Michael Greicius na wenzake walipowapima wagonjwa wa sonona waliolala tu bila kazi, katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2007, walikuta kwamba eneo hilo limejiunga kwa nguvu zaidi na mtandao wa mapumziko, na kwamba kadiri kipindi cha ugonjwa alichokuwa nacho mgonjwa kilivyokuwa kirefu, ndivyo muungano huo ulivyokuwa mkubwa. Eneo hilo lina uhusiano wa karibu na hisia za huzuni na mwitikio wa mwili kwazo. Ukilifunganisha na mtandao unaosimulia habari za nafsi, unapata msimulizi ambaye kila hadithi yake inapakwa rangi moja kabla hajafungua mdomo.

Helen Mayberg na wenzake, wakiwa Toronto, walikuwa wamekwisha kulifuata eneo hilo kwa ujasiri zaidi. Mwaka 2005 waliripoti kwamba waliwawekea wagonjwa 6, ambao dawa na tiba nyingine zilishindwa kuwasaidia, nyaya nyembamba karibu na eneo la 25, na kupitisha umeme mdogo. Wagonjwa hao walikuwa macho wakati wa upasuaji, na baadhi yao walieleza palepale kwamba wanahisi utulivu wa ghafla, au kwamba chumba kimekuwa na rangi kali zaidi. Miezi 6 baadaye, 4 kati yao walikuwa na nafuu kubwa. Simulizi hii hupendwa sana, na mimi nilipoisoma mara ya kwanza nilishindwa kulala kwa matumaini, lakini haki inataka isemwe pia kwamba jaribio kubwa zaidi lililofuata, ambamo baadhi ya wagonjwa waliwekewa nyaya bila kuwashiwa umeme, lilisitishwa kabla ya kukamilika kwa sababu tofauti kati ya makundi hayo mawili haikuonekana.

Ningeishia hapo hadithi ingekuwa nzuri: mtandao wa mapumziko umezidi, wa udhibiti umepungua, eneo la 25 limekwama. Mwaka 2015 uchambuzi uliounganisha vipimo vya wagonjwa 556 na watu 518 wasio wagonjwa ulifika karibu na picha hiyohiyo, kwa kukuta muungano uliozidi ndani ya mtandao wa mapumziko na uliopungua ndani ya mtandao wa udhibiti. Kisha mwaka 2019 vituo vingi vya China viliunganisha takwimu zao, na baada ya kuchuja wakabaki na wagonjwa 848 na wenzao 794 wasio na ugonjwa. Hawa walikuta kwamba ndani ya mtandao wa mapumziko muungano ulikuwa umepungua, tena kwa wale waliokuwa wameugua zaidi ya mara moja. Kwa waliokuwa katika kipindi chao cha kwanza na hawajatumia dawa, tofauti hiyo haikuonekana. Upungufu huo ulihusiana na matumizi ya dawa kuliko na urefu wa ugonjwa.

Nilikasirika niliposoma hilo, na hasira yangu haikuwa ya kisayansi hata kidogo. Nilikuwa nimekwisha kumweleza dada, kwa kujiamini kwingi, kwamba ugonjwa wangu ni mtandao uliozidi. Nilipotulia niliona kwamba kati ya matokeo haya mawili si lazima moja liwe la uongo. Dawa hubadilisha ubongo, na nilikuwa nikizimeza mwenyewe kila asubuhi kwa lengo hilohilo. Mtu anayeugua mara ya kwanza na mtu anayeugua mara ya nne huenda hawako mahali pamoja, hata kama wanajibu maswali ya daktari kwa maneno yaleyale. Halafu kuna mambo madogo ya mashine yenyewe. Mwaka 2012 ilionyeshwa kwamba kichwa kikitikisika kidogo tu, hata chini ya milimita moja, hutokea miunganiko ya uongo, kwa maana kwamba maeneo ya karibu huonekana yanakwenda pamoja zaidi na ya mbali huonekana yameachana. Sasa jiulize ni nani atakayetulia sawasawa ndani ya bomba lile lenye kelele, mtu mwenye utulivu au mtu mwenye wasiwasi. Mimi nililala humo dakika chache tu kwa picha ya umbo, nikaambiwa mara mbili kwa kipaza sauti nisisogee.

Wengine wamejaribu kuupima ubongo mzima kwa hisabati ya grafu, yaani ya vituo na njia zinazoviunganisha, wakilihesabu kila eneo kuwa kituo na kuuliza ni hatua ngapi zinahitajika ili habari itoke upande mmoja ifike mwingine. Ubongo usio na ugonjwa unajulikana kuwa na mpangilio ambao Duncan Watts na Steven Strogatz waliueleza mwaka 1998, wenye vikundi vya majirani walioshikamana na njia chache za mkato za kwenda mbali. Zipo tafiti zinazosema sonona huusogeza mpangilio huo kuelekea kwenye miunganiko ya kibahati tu, isiyo na utaratibu, na zipo zisizoona hivyo, na sitakaa sana hapo kwa sababu namba hizo hubadilika kutegemea namna mtafiti alivyoyakata maeneo yake.

Tatizo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni wastani. Tafiti nyingi huchukua dakika chache za kila mtu, huwalaza watu wote juu ya ramani moja ya ubongo, kisha hulinganisha makundi. Ni sawa na kupima vichwa vya watu mia ukashona kofia moja ya saizi ya wastani, halafu ukashangaa kwamba haimkai yeyote. Jaribio mashuhuri la mwaka 2017 lilisema kwamba kwa kutumia miunganiko hii sonona inaweza kugawanywa katika aina 4, na habari hiyo ikaenea haraka; mwaka 2019 watafiti wengine waliirudia njia ileile kwa kundi lao, na hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba aina hizo zipo.

Ndiyo maana utafiti ulionigusa zaidi ni wa watu waliofanya kinyume. Charles Lynch, Conor Liston na wenzao, katika kazi waliyoichapisha mwaka 2024, walianza na wagonjwa wachache mno, ila kila mmoja walimpima kwa saa nyingi, kwa kumrudisha kwenye mashine mara kwa mara, wakachora ramani ya ubongo wa mtu huyo peke yake badala ya ramani ya kundi. Walichokiona hakikuwa muungano uliozidi au uliopungua. Kilikuwa ni ukubwa wa eneo. Kwa wengi wa wagonjwa wale, mtandao wa uteuzi ulikuwa umetandaa juu ya gamba la ubongo karibu mara mbili ya ulivyo kwa watu wasio wagonjwa, ukisukuma mipaka ya mitandao jirani. Waliporudi kwenye takwimu za makundi makubwa zaidi waliliona jambo lilelile. Halafu wakalifuata kwa wakati: hali ya mgonjwa ikipanda au ikishuka, ukubwa ule haukubadilika, na kwa watoto ambao walikuja kuugua sonona walipokua, ulionekana tangu kabla dalili hazijaanza.

Nililitafakari hilo kwa siku kadhaa, na sikulipenda. Mtu aliyepona angependa kusikia kwamba kilichoharibika kimerudi mahali pake, si kwamba huenda alizaliwa au alikua na mipaka iliyochorwa tofauti na ambayo haitarudi. Lakini katika kazi hiyohiyo kuna upande wa pili. Ukubwa wa mtandao haukubadilika, ila nguvu ya muungano kati ya sehemu zake, hasa kati ya gamba la mbele na vituo vya ndani vinavyohusika na kutamani na kufurahia, ilikuwa ikibadilika, na mabadiliko hayo yalikwenda pamoja na kupanda na kushuka kwa ile dalili ya kutoonja raha ya kitu chochote. Kwa hiyo yapo mambo mawili yenye mwendo tofauti ndani ya mtu mmoja, moja linalokaa miaka na moja linalogeuka baada ya majuma, na picha ya umbo niliyopigwa haiwezi kuonyesha lolote kati ya hayo.

Kwa matibabu, faida ya ujuzi huu imeanza kuonekana mahali pamoja, nako ni kwenye kuchochea ubongo kwa sumaku kutoka nje ya fuvu. Zamani wahudumu walipima kwa sentimita juu ya kichwa ili kupata mahali pa kuiweka sumaku. Mwaka 2012 Michael Fox na wenzake walionyesha kwamba mahali panapoleta nafuu zaidi, kwa upande wa kushoto wa sehemu ya mbele, ni pale ambapo ishara yake hupanda wakati ya eneo la 25 inaposhuka. Sumaku haifiki chini ya goti, lakini inaweza kumgusa aliye kinyume chake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliliendeleza wazo hilo kwa kumpima kila mgonjwa kwanza ili kumtafutia pake, kisha kumpa vipindi 10 vya dakika 10 kila siku kwa siku 5, na mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu tiba hiyo itumike kwa wagonjwa ambao dawa hazikuwafaa. Mimi sikuitumia. Nilipata nafuu kwa vidonge na kwa mazungumzo ya kila wiki na mtaalamu, ambaye mara nyingi alinifundisha kitu kimoja tu: kutambua dakika ile ninapoanza kucheua, kabla haijawa dakika ya kumi.

Hakuna daktari anayetambua sonona ya mtu mmoja kwa picha hizi. Bado hutambuliwa kwa mazungumzo na kwa dalili zinazodumu wiki mbili au zaidi, kama nilivyotambuliwa mimi. Nilimweleza dada haya yote juzi, na safari hii nilitaja na yale yanayopingana. Alisikiliza, kisha akasema kwamba ile karatasi ya majibu bado anayo, ndani ya bahasha yake, na akaniuliza kama naitaka. Nilimwambia aitunze. Ilichosema kilikuwa kweli, na kile kiatu cha kulia nacho kilikuwa mkononi mwangu kweli kwa dakika 40.